Uwanja wa Tajiri, Deni la Mji: Yaliyoipata St. Louis

Jioni za Jumamosi, katika vibanda vya kuoneshea mpira vya kata zetu, jezi nyekundu za Arsenal ni miongoni mwa zinazoonekana kwa wingi. Wachache kati ya wanaozivaa wanafahamu kwamba mmiliki wa klabu hiyo, Mmarekani Stan Kroenke, ana timu nyingine kwao, na kwamba mojawapo iliuachia mji mzima deni la kulipia uwanja usio na timu. Tunaieleza habari hiyo hapa kwa sababu swali lililoukabili mji ule huikabili halmashauri yoyote pale mwekezaji anapobisha hodi akiomba ardhi, barabara au msamaha wa ushuru: faida itakwenda kwa nani, na hasara itabaki kwa nani?

Mji wenyewe ni St. Louis, katika jimbo la Missouri, kando ya Mto Mississippi. Baada ya msimu wa 1987 timu yake ya mpira wa Kimarekani ilihamia jimbo la Arizona, mwenye timu akiwa amekosa uwanja mpya alioutaka. Viongozi wa St. Louis, kwa uchungu wa kupokonywa timu, waliamua kujenga uwanja mkubwa wenye paa kabla hata ya kupata timu nyingine ya kuuchezea. Fedha zilipatikana kwa hatifungani, yaani mkopo ambao serikali huuchukua kwa wawekezaji na kuurejesha pamoja na riba kwa miaka mingi. Jimbo, mji na kaunti walikubaliana kulipa jumla ya dola milioni 24 kila mwaka, jimbo likibeba nusu, na mji na kaunti wakigawana nusu iliyobaki. Mwaka 1995 uwanja ulifunguliwa, na timu ya Rams ikahamia hapo kutoka eneo la Los Angeles.

Kilichokuja kuuponza mji kilikuwa kifungu kimoja cha mkataba wa upangaji. Kifungu hicho kilisema kwamba kila baada ya miaka 10 uwanja huo ni lazima uhesabiwe katika robo ya juu ya viwanja vyote vya ligi kwa ubora. Usipofikia kiwango hicho, timu itaruhusiwa kuvunja mkataba wa miaka 30 na kuwa mpangaji wa mwaka mmoja mmoja. Msomaji atafakari uzito wa ahadi hiyo. Ni kama mwenye nyumba anayemwahidi mpangaji kwamba nyumba yake haitapitwa na zile mpya zitakazojengwa mtaani, kisha akubali kuikarabati kwa gharama yake mwenyewe kila zinapoipita. Waliotia saini walitaka timu, na walikuwa na haraka. Miaka 10 au 20 mbele ilionekana kuwa mbali.

Ilifika. Mwaka 2013 wasuluhishi waliamua kwamba mpango wa ukarabati uliopendekezwa na Rams, uliokadiriwa kugharimu takriban dola milioni 700, ndio uliotimiza masharti ya mkataba. Gharama hiyo ilizidi mara mbili gharama ya kuujenga uwanja. Mji ulikataa kulipa, na kwa kukataa huko timu ikawa huru kuondoka. Kroenke, ambaye kwa wakati huo alikuwa mmiliki kamili, alinunua ardhi Inglewood, karibu na Los Angeles, mwaka 2014. Januari 2016 wamiliki wenzake wa ligi ya NFL walipiga kura 30 dhidi ya 2 kuidhinisha kuhama kwake. Jarida la Forbes, lililoikadiria timu hiyo kuwa na thamani ya dola bilioni 1.45 mwaka 2015, liliikadiria kwa bilioni 2.9 mwaka uliofuata. Mwenyewe ni mzaliwa wa Missouri, na majina yake mawili, Enos na Stanley, alipewa na wazazi kwa heshima ya wachezaji wawili mashuhuri wa besiboli wa St. Louis. Mapenzi ya nyumbani hayakuandikwa katika mkataba.

Huko Inglewood alijenga uwanja wa SoFi kwa sehemu kubwa kwa fedha binafsi. Ulifunguliwa mwaka 2020, na gharama yake ilifikia takriban dola bilioni 5. Uwanja wa Arsenal pale London, uliofunguliwa mwaka 2006, nao ulijengwa kwa mikopo ya klabu yenyewe, na mashabiki wa siku nyingi wanakumbuka jinsi klabu ilivyolazimika kuuza wachezaji wake katika miaka ya kulipa madeni. Kwa hiyo hoja kwamba uwanja mkubwa hauwezekani bila mkono wa serikali haina msingi. Unawezekana. Mwenye mali hutumia fedha zake pale asipopata za wengine.

Kwa nini basi miji ya Marekani huendelea kutoa? Mwaka 2016 Bunge la jimbo la Nevada liliidhinisha dola milioni 750 kutoka kodi ya vyumba vya hoteli ili timu ya Raiders ihamie Las Vegas. Mwaka 2022 jimbo la New York na kaunti ya Erie zilikubali kutoa dola milioni 850 kwa uwanja mpya wa timu ya Bills, mali ya bilionea Terry Pegula. Sababu kubwa imo katika muundo wa ligi zao. NFL ina timu 32 tu. Hakuna kupanda wala kushuka daraja, na timu mpya huingia kwa ridhaa ya wamiliki waliomo. Miji inayotamani timu ni mingi kuliko timu zilizopo. Mmiliki hahitaji hata kutamka tishio, kwani inatosha aonekane akitembelea mji mwingine. Kwetu hali ni tofauti: mji wowote unaweza kuanzisha timu na kuipandisha madaraja hadi Ligi Kuu, na hakuna anayewazia Yanga ihame Jangwani.

Hoja inayotumiwa kuwashawishi wananchi ni ajira na mzunguko wa fedha. Wachumi wa Marekani wameichunguza kwa zaidi ya miaka 30, wakiwamo Roger Noll na Andrew Zimbalist waliohariri kitabu juu yake mwaka 1997, na karibu wote wamefikia jibu moja: uwanja haurudishi kwa umma fedha zilizotolewa. Maelezo yake hayahitaji elimu kubwa. Familia iliyonunua tiketi ya mchezo huwa imeacha kwenda sinema au hotelini wiki hiyo, kwa hiyo fedha zimehama mtaa, hazijaongezeka. Timu ya mpira wa Kimarekani hucheza nyumbani takriban mara 10 kwa msimu, na muuza vinywaji wa siku 10 hana ajira. Sehemu kubwa ya mapato huishia kwa wachezaji na mmiliki, ambao aghalabu hawaishi wala kutumia fedha zao katika mtaa ule.

Hatusemi kwamba timu haina thamani. Furaha ya mji wenye timu ni kitu halisi, na wananchi wakiamua kuilipia kwa hiari yao, wakijua bei, hiyo ni haki yao. Ubaya huanza pale furaha inapouzwa kwa jina la uwekezaji.

Inatuhusu vipi? Viwanja vinavyoandaliwa kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ambalo Tanzania itaandaa pamoja na Kenya na Uganda, si mfano wa jambo hili, maana ni shughuli ya serikali kwa mashindano ya mataifa. Mfano ulio karibu zaidi ni mwekezaji wa hoteli, kiwanda, shamba au kituo cha michezo anayeiambia wilaya kwamba asipopewa unafuu atakwenda wilaya jirani. Kodi ya mapato ni suala la serikali kuu. Katika ngazi yetu huombwa eneo, barabara ya kufika eneo hilo, maji, na unafuu wa ushuru na ada. Kila shilingi ya ushuru inayosamehewa hupunguza mapato ya ndani, na asilimia 10 ya mapato hayo ndiyo hutengwa kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Kikundi kitakachoambiwa mwakani kwamba fungu limepungua hakitaoneshwa mkataba uliolipunguza.

Hivyo yafaa mkazi aulize mapema. Unafuu una mwisho, au hauna? Mwekezaji akiondoka, ardhi na majengo vitarudi kwa nani? Ajira zilizotajwa ni za mwaka mzima au za msimu, na zisipopatikana mkataba unasema nini? Je, kuna kifungu kinachotubebesha gharama ambazo leo hazina kiwango? Hilo la mwisho ndilo ambalo halikuulizwa kwa sauti ya kutosha kule St. Louis. Mji, kaunti na mamlaka ya uwanja walifungua shauri mwaka 2017, na Novemba 2021 ligi na Kroenke walikubali kulipa dola milioni 790 kulimaliza nje ya mahakama. Zaidi ya theluthi ilikwenda kwa mawakili. Deni la uwanja nalo lilikuwa limeendelea kulipwa kwa miaka kadhaa tangu timu ilipoondoka.

Kwa ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaizuia halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Mahudhurio yako ni sehemu ya idhini hiyo. Mikutano ya Baraza la Madiwani iko wazi kwa wananchi. Mkazi anayetaka kujua ombi la mwekezaji limefikia hatua gani aanze kwa Diwani wake au Mtendaji wa Kata, na afanye hivyo kabla ya saini.