Tovuti nyingi, programu moja: Yapasayo kuulizwa kabla ya kukodi seva

TAASISI inayosimamia shule thelathini, kanisa lenye parokia katika kaunti kadhaa au chama cha ushirika chenye matawi mengi, vyote hukabiliwa na swali moja vinapoamua kuingia kwenye intaneti: je, kila tawi lijengewe tovuti yake kando, au zote zitunzwe chini ya paa moja?

Aghalabu wataalamu wa tarakilishi hupendekeza paa moja. WordPress, programu iliyoasisiwa mwaka wa 2003 na Matt Mullenweg wa Marekani na Mike Little wa Uingereza kwa madhumuni ya kuandikia blogu, ina uwezo uitwao Multisite ambao huiwezesha kuendesha tovuti nyingi kwa wakati mmoja. Awali kazi hiyo ilifanywa na programu-ndugu iliyojulikana kama WordPress MU, lakini mbili hizo ziliunganishwa katika toleo la 3.0 lililotoka Juni 2010. WordPress.com na Edublogs, huduma mbili zilizoanzishwa mwaka wa 2005 na ambazo zimebeba blogu za watu wengi ulimwenguni, zimejengwa juu ya msingi huo.

Uzuri wa mpango huu ni kwamba programu husakinishwa mara moja tu. Toleo jipya linapotoka, fundi hulisasisha mara moja na tovuti zote zikanufaika. Mandhari ya kurasa hutumiwa kwa pamoja, sawa na programu-jalizi, yaani vile vipande vinavyoiongezea programu kuu uwezo. Hata hivyo, paa moja likivuja, wote walio chini yake hulowa. Ndiyo maana uteuzi wa seva wahitaji uangalifu mkubwa kuliko ule wa tovuti ya pekee. Wengi hupotoka hapo kwa kutazama ukubwa wa diski na bei ya mwaka, ilhali yatakayoamua hatima ya mradi ni mengine.

Mahitaji ya msingi ni yale yale ya WordPress ya kawaida. Wasanifu wake hupendekeza lugha ya PHP toleo la 8.3 au la baadaye, hifadhidata ya MySQL kuanzia toleo la 8.0 au MariaDB kuanzia 10.6, pamoja na mawasiliano salama ya HTTPS. Kampuni nyingi za kukodisha seva hutimiza hayo. Tofauti huanza baada ya hapo.

Sharti la kwanza ni uhuru wa kubadilisha mipangilio. Fundi hana budi kuhariri faili ya mipangilio ya WordPress pamoja na kanuni za kuelekeza anwani kwenye seva, iwe ni Apache au Nginx. Kisha kuna uamuzi wa jinsi ya kuziita tovuti tanzu. Mtindo mmoja huliweka jina la tawi nyuma ya anwani kuu, baada ya mkwaju. Mwingine huliweka mbele na kulitenganisha kwa nukta.

Mtindo wa mkwaju ni mwepesi kwani haudai mabadiliko yoyote katika rekodi za jina la tovuti. Ule wa nukta huhitaji rekodi ya nyota, yaani alama moja inayoagiza kwamba kila jina litakalotangulia anwani kuu, hata lile ambalo bado halijaundwa, lielekezwe kwenye seva ile ile. Vifurushi vingine vya bei nafuu haviruhusu rekodi hiyo. Isitoshe, tovuti ya WordPress ambayo imetumika kwa zaidi ya mwezi mmoja kabla ya kugeuzwa Multisite hunyimwa mtindo wa mkwaju, kwa hofu kwamba anwani mpya zitagongana na za makala yaliyomo. Mwenye tovuti kongwe hana hiari. Sharti atafute kampuni inayokubali nyota.

Nyota hiyo huandamana na cheti cha usalama cha aina yake. Let's Encrypt, asasi inayotoa vyeti bila malipo, ilianza kutoa vya nyota Machi 2018, lakini mwombaji ni sharti athibitishe umiliki kupitia rekodi za jina lenyewe. Kwa kuwa vyeti hivyo havidumu kwa zaidi ya siku 90, ni vyema kuuliza iwapo seva itavihuisha yenyewe bila kungoja mkono wa mtu.

Nayo shule ambayo tayari ina jina linaloishia kwa .sc.ke haina haja ya kulitupa. Tangu toleo la 4.5 la mwaka wa 2016, WordPress yaweza kuipa kila tovuti tanzu jina lake kamili bila programu-jalizi ya ziada, mradi kifurushi kilichokodiwa kiruhusu majina mengi na cheti kwa kila mojawapo.

Sharti la pili ni nguvu. Kila tovuti tanzu hutengewa majedwali kumi katika hifadhidata. Shule thelathini zitakuwa na majedwali takriban 300, mbali na yale ya pamoja. Msimamizi akiamua kuwawekea kikomo cha nafasi ya picha na hati, kiwango cha kawaida cha programu ni megabaiti 100 kwa kila tovuti, ambazo kwa shule thelathini ni gigabaiti tatu. Hizo si nyingi. Kinachoweza kukwisha mapema ni idadi ya faili zinazoruhusiwa, kwa sababu picha moja huhifadhiwa katika vipimo kadhaa.

Kumbukumbu ya seva ina uzito zaidi. WordPress ya kawaida hujiwekea kikomo cha megabaiti 40 kwa kila ombi la msomaji. Multisite hujiwekea 64. Seva inayogawanywa baina ya wateja wengi huwa na ukomo wa maombi yanayohudumiwa kwa pamoja, na ukomo huo haupanuki kwa kuwa tovuti zimeongezeka.

Wengi hudhani kwamba tovuti ndogo ndogo hazina mzigo. Wanasahau kuwa tovuti za ukoo mmoja hutembelewa saa moja. Siku ambayo wanafunzi wapya hujulishwa shule walizopangiwa, wazazi wa shule zote thelathini hukimbilia orodha za karo na mahitaji kwa pamoja. Hivyo basi, seva ipimwe kwa siku hiyo, wala si kwa wastani wa mwezi. Tovuti zikiwa zaidi ya chache, ni busara kukodi seva pepe, ambayo mteja hutengewa kumbukumbu yake mwenyewe.

Sharti la tatu, na ndilo hupuuzwa zaidi, ni nakala za akiba. Kampuni nyingi hurejesha hifadhidata nzima kwa mkupuo. Karani wa shule moja akifuta kurasa zake kwa bahati mbaya, kurejesha nakala ya jana kutafuta kazi ya leo ya shule nyingine 29. Ulizia kama majedwali ya tovuti moja yaweza kurejeshwa peke yake, na hilo lijaribiwe kabla ya siku ya msiba.

Vilevile, watumiaji wa tovuti zote huandikwa katika jedwali moja. Mdukuzi akipenya kupitia programu-jalizi mbovu, huenda akayapata majina na anwani za barua pepe za matawi yote. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, taasisi ina wajibu wa kulinda taarifa hizo, na haiwezi kujivua wajibu huo kwa kuitupia lawama kampuni ya seva.

Kwa sababu hiyo, Multisite hufaa pale ambapo mwenye tovuti zote ni mmoja na matawi hutaka huduma zinazofanana. Wenyewe wakiwa mbalimbali, au tawi moja likipokea malipo ya wateja, heri litengwe na kupewa seva yake. Rahisi huwa ghali, na gharama ya kuwatenganisha waliokwisha kuchanganywa huzidi ile iliyookolewa siku ya kwanza.