Aliyeondolewa rovu asipuuze ganzi ya midomo

WENGI wakisikia habari za tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo, hukumbuka rovu na ukosefu wa madini ya ayodini. Hakika kazi kuu ya tezi hiyo ni kutengeneza, kwa ayodini, homoni zinazoongoza matumizi ya nishati mwilini. Hata hivyo, katikati ya seli zifanyazo kazi hiyo mna nyingine chache, ziitwazo seli C, zisizohusika na ayodini. Hizo hutoa kalsitonini, homoni ambayo hupunguza kalsiamu katika damu kwa kuzuia mifupa isimomonyolewe.

Mtafiti wa Kanada, Harold Copp, aliigundua mwanzoni mwa miaka ya 1960 akidhani yatoka katika tezi jirani za parathairoidi. Ilipofika 1964, watafiti jijini London walikuwa wameonyesha kwamba chimbuko lake ni thairoidi yenyewe.

La ajabu ni kuwa binadamu aweza kuishi bila kalsitonini. Aliyeondolewa thairoidi yote humeza vidonge vya thairoksini maisha yake yote, lakini haandikiwi kalsitonini, na kalsiamu yake haipandi kwa kuikosa. Madaktari huipima hasa wanaposhuku saratani ya seli C, ambayo takriban robo ya visa vyake hurithiwa katika ukoo.

Watawala halisi wa kalsiamu ni hizo parathairoidi, ambazo kwa kawaida ni nne, kila moja kama punje ya mchele, zilizojibanza nyuma ya thairoidi. Kalsiamu ikishuka, huamuru mifupa itoe akiba na figo zisiipoteze katika mkojo. Asilimia 99 ya kalsiamu imo katika mifupa na meno, ila ni hicho kisehemu kilichobaki ambacho misuli, neva na moyo hutegemea kila dakika.

Hapo ndipo ilipo hatari ya upasuaji wa rovu. Kisu chaweza kuziondoa tezi hizo pamoja na thairoidi, au kukata mishipa inayozilisha damu. Kwa kawaida katika siku chache za kwanza, mgonjwa huhisi ganzi au kuchomwachomwa midomoni na kwenye ncha za vidole, kisha misuli hukakamaa. Akipuuzwa, aweza kupatwa na degedege au koo likabana asipumue.

Jamaa wengi hudhani huo ni uchovu wa dawa ya usingizi. Sivyo, arudishwe hospitalini mara moja, damu ipimwe kalsiamu. Tiba ni kalsiamu pamoja na vitamini D, na kwa wengi huhitajika kwa majuma au miezi tu, hadi tezi zilizojeruhiwa zipate nafuu.