Mshororo Usikatwe na Tarakilishi

Mtahiniwa huhesabu mishororo kwa macho. Akipewa tarbia ambayo kila mshororo wake umekatwa pawili, ataona mishororo minane katika ubeti. Katika shairi huru ataona mishata ambayo mshairi hakuikusudia. Atapoteza alama kwa kosa la mchapaji.

Mwalimu anayechapa kwa nano, kihariri cha mstari wa amri, afahamu kwamba mistari hukunjwa kwa namna mbili. Namna ya kwanza hutia mkato ndani ya faili yenyewe, nao hubaki hata faili ikihamishwa. Ya pili huukunja mstari kwenye kiwambo tu, faili isiguswe. Ushairi unataka hii ya pili.

Kabla ya toleo la 4.0 la mwaka 2019, nano ilikata mistari bila kuulizwa, nafasi nane kabla ya ukingo: kwenye kiwambo cha herufi 80, ukomo ulikuwa 72. Tarbia ya mizani 16 ilisalimika. Ukawafi, wenye vipande vitatu, ulikuwa hatarini. Dirisha likiwa jembamba, hata tarbia haikupona.

Katika matoleo ya sasa, andika haya ndani ya faili ya .nanorc:

set softwrap
set atblanks

Amri ya pili huzuia neno kukatwa katikati, silabi zake zisitengane. Mistari ikiendelea kukatwa, ongeza unset breaklonglines.

Jihadhari pia na Ctrl na J. Huunganisha mishororo ya ubeti mzima ikawa aya ya nathari! Alt na U huirejesha.