Bustani ya nyumbani yaweza kuwa ngao dhidi ya moto wa kiangazi

KILA ifikapo Agosti, wakazi wa Iringa na Mbeya huona mistari ya moto ikipanda milimani nyakati za usiku. Mvua huwa zimekoma tangu Mei, nyasi zimekauka, na upepo huvuma kwa nguvu hadi mvua zirejeapo Novemba au Desemba. Moto ulioanzia kwenye shamba linaloandaliwa kwa kilimo, au ulioachwa porini na walina asali, unaweza kufika kwenye uzio wa mtu aliyelala.

Wenye nyumba wengi hawafikirii kwamba mimea waliyoipanda wenyewe huchangia sana kuamua iwapo moto huo utaishia uani au utafika kwenye paa.

Kwa muda mrefu mikoa hii imeegemea miti ya kigeni. Shamba la Miti la Sao Hill, wilayani Mufindi, lenye eneo la zaidi ya hekta 130,000, linajulikana kwa misindano na mikaratusi. Miti hiyo imeingia hata katika viwanja vya mijini kwa kuwa hukua upesi na huuzika. Hata hivyo, msindano una utomvu unaowaka kwa urahisi, na majani ya mkaratusi yana mafuta. Uzio wa misaiprasi nao huonekana wa kijani kwa nje, kumbe ndani umejaa vijiti vikavu.

Ikumbukwe kwamba hakuna mmea usioungua kabisa. Iliyopo ni mimea inayochelewa kushika moto kwa sababu majani yake yana maji mengi, haina mafuta, wala hairundiki takataka kavu chini yake. Aidha, uasili peke yake si kinga: mianzi na nyasi ndefu za porini ni za asili, lakini huungua vibaya.

Faida ya mimea ya asili ni kuzoea mazingira. Imezoea kiangazi cha takriban miezi sita na baridi ya Juni na Julai, ambayo katika maeneo ya juu huleta sakitu, yaani umande ulioganda. Mmea wa kigeni usiomwagiliwa wakati maji ya bomba ni ya mgawo hugeuka kuni kabla ya Septemba.

Mpangilio mzuri huanzia ukutani. Hatua mbili za kwanza kutoka kwenye nyumba ziachwe na changarawe au udongo uliofagiwa, bila mmea wowote kugusa dirisha wala paa. Baada ya hapo mishubiri inafaa, kwani majani yake manene hubeba maji. Majani yake makavu ya chini yaondolewe, na machipukizi yaombwe kwa jirani badala ya kung'olewa milimani.

Kwa uzio, manyara ni chaguo la siku nyingi. Matawi yake mabichi yana maji mengi, ila yaliyokauka lazima yakatwe. Utomvu wake mweupe ni hatari kwa macho, hivyo watoto waonywe na mkataji ajikinge.

Kwa kivuli, msaula una gome nene, hubaki na majani wakati wa kiangazi, na matunda yake huliwa. Penye unyevunyevu, mvengi hustawi na kubaki wa kijani mwaka mzima. Mwambangoma, wenye maua mekundu, una gome nene linalousaidia kuchipua tena baada ya kuungua, lakini hupukutisha majani, hivyo unahitaji ufagio. Mkuyu upandwe mbali, kwa kuwa mizizi yake hupasua misingi na mabomba.

Miti isipandwe ikabanana, na matawi ya chini yakatwe ili moto wa nyasi usipate ngazi ya kupandia. Nyasi za uani zifyekwe fupi. Katika jimbo la California, Marekani, wenye nyumba katika maeneo ya hatari hutakiwa kisheria kupunguza mimea inayoweza kuwaka hadi mita 30 kutoka kwenye jengo. Viwanja vingi vya Mbeya na Iringa mjini havina nafasi hiyo, na ndiyo maana majirani hawana budi kufyeka pamoja: bustani iliyotunzwa haitoshi iwapo kiwanja cha pili ni pori.

Majani yaliyofagiwa yasichomwe, bali yafukiwe yawe mboji. Moto ukizidi uwezo wa wakazi, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji hupatikana kwa namba 114.

Atakayetaka miche ya asili amwone ofisa misitu wa halmashauri yake sasa, si siku ya moshi. Mvua za kwanza ndizo za kupanda. Kiangazi ni cha kufagia na kukagua. Anayesubiri kuona miali mlimani ndipo ashike panga, huwa amechelewa.