Mbu Majumbani Mwetu: Funzo Kutoka Mara



Baadhi yetu tuna vijana waliokwenda bara kutafuta kazi, na wengine wao wamefika mkoa wa Mara: kwenye machimbo ya dhahabu ya Nyamongo, wilaya ya Tarime, au kwenye hoteli za watalii wilaya ya Serengeti. Wanaporudi hutuletea zawadi, lakini pengine huja pia na vimelea vya malaria katika damu. Mbu wa hapa akimwuma mtu huyo, baada ya siku 10 au zaidi aweza kumwambukiza jirani. Basi mbu wa Mara anatuhusu.

Huko Mto Mara hupita kati ya wilaya hizo mbili. Mvua za Machi hadi Mei zinyeshapo, maji hutuama katika nyayo za ng'ombe, mashimo ya matofali na mashimo ya wachimbaji. Anofelesi, mbu wa malaria, hupenda maji madogo kama hayo yanayopata jua. Nyanda za juu za Tarime zina baridi, na mbu ni wachache. Lakini kwa kuwa miili ya watu wa huko haikuzoea ugonjwa huu, mwaka wa joto na mvua nyingi huwalaza wakubwa kwa wadogo.

Wengi wetu hufyeka majani tukadhani kazi imekwisha. Kufyeka ni usafi mzuri, lakini mbu hazaliwi majanini, huzaliwa majini. Yai huangua kiluwiluwi, na tangu yai mpaka mbu arukaye ni siku 7 hadi 14 hivi. Kwa hiyo chagueni siku moja katika kila juma, mfanye haya:

1. Mwageni maji yaliyomo katika vifuu, makopo, vyungu vibovu na mipira ya magari. Humo huzaliwa mbu aumaye mchana, aletaye homa ya dengi.

2. Funikeni mitungi na mapipa. Yanapokuwa matupu, yasugueni ndani, kwani mayai hugandamana ukutani.

3. Fukieni mashimo, na zibueni mifereji ili maji yapite.

4. Zibeni matundu ya makaro na vyoo vya shimo. Humo huzaliwa kuleksi, mbu wa matende na mabusha. Hapa kwetu Unguja, huko Makunduchi, mwaka 1988 vyoo vyenye maji vilitiwa punje nyepesi za plastiki zielezazo juu ya maji. Viluwiluwi vilikosa pumzi, na mbu wakapungua sana. Pamoja na dawa waliyopewa watu, matende nayo yakapungua.

Lakini nyayo za ng'ombe hazihesabiki, na hakuna awezaye kuzifukia zote. Ndiyo sababu kila mtu alale ndani ya chandarua chenye dawa, maana anofelesi huuma zaidi usiku. Kanda ya Ziwa nyumba nyingi zimepuliziwa dawa ukutani, ila mbu wa huko wamejifunza kustahimili baadhi ya dawa. Silaha moja haitoshi.

Na mgeni au kijana atokaye bara, akishikwa na homa, apelekwe kituo cha afya siku ile ile apimwe damu. Asingoje wala asinunue vidonge kwa kukisia.

Wazee wetu watakumbuka. Visiwani malaria ilipungua sana kwa kupuliziwa dawa majumbani, kazi iliposimama mwaka 1968 ikarudi kwa nguvu. Katika miaka ya 2000 tuliishusha tena, hata ikawa chini ya mtu 1 katika kila 100. Tusilegee mara ya pili. Karafuu haimngoji mgonjwa: mchumaji akilala kitandani juma moja, matumba ya karafuu huchanua mtini na thamani yake hupotea. Asubuhi moja ya kumwaga maji ni gharama ndogo kuliko hiyo.