Bunduki Kuukuu: Hatari Iko Kwenye Kufunga

Sanamu ya Askari imesimama katikati ya Dar es Salaam tangu 1927, na bunduki iliyo mikononi mwake haihitaji mafuta wala kufunguliwa. Zile za chuma na mbao walizobeba Keya, yaani askari wa King's African Rifles, ni habari nyingine. Nyingi zilikuwa Lee-Enfield za Uingereza zenye risasi ya .303, na Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokwisha ziliendelea kutumika mikononi mwa polisi na wawindaji. Anayemiliki kihalali bunduki ya namna hiyo hudhani kazi yote ni kuisafisha. Hoja yangu ni kwamba kusafisha ndiyo sehemu nyepesi. Hatari huanza wakati wa kuifunga tena, kwa kuwa bunduki iliyofungwa vibaya huweza kuonekana nzima kabisa.

Uchafu una wema mmoja: unaonekana. Fataki za risasi za zamani ziliacha ndani ya mtutu chumvi inayofanana tabia na chumvi ya mezani. Chumvi hiyo huvuta unyevu, na hewa ya pwani haina upungufu wa unyevu, hivyo kutu huingia upesi. Mafuta hayaiyeyushi, maji huiyeyusha, ndiyo maana askari walifundishwa kumimina maji ya moto mtutuni, kukausha, kisha kupaka mafuta. Aliyesahau hatua hiyo ataona kutu. Kosa la kufunga halijitangazi hivyo. Chukua kitako cha Lee-Enfield ya Vita ya Kwanza. Kinashikwa na skrubu ndefu ambayo ncha yake ya pembe nne hukaa kwenye kibati ndani ya mbao ya mbele. Kwa hiyo kitako hufungwa kwanza, mbao ya mbele baadaye. Anayekumbuka kukaza kitako mwishoni huipasua mbao kwa ndani, na kwa nje haoni kitu.

Zito zaidi ni suala la bolti, yaani chuma kinachosukumwa mbele kuingiza risasi na kuziba nyuma ya mtutu. Kila bolti ilisawazishwa na bunduki yake kiwandani, ikapigwa namba ileile. Kati ya uso wa bolti na mtutu ipo nafasi unamokaa ukingo wa ganda la risasi, na kwa .303 inatakiwa iwe kati ya milimita 1.6 na 1.9 hivi. Usalama wote wa bunduki uko ndani ya robo ya milimita. Nafasi ikizidi, ganda hutanuka na laweza kukatika, na gesi ya moto ikarudi upande wa uso wa mpigaji. Bolti ya bunduki jirani inaweza kuingia vizuri, ikafunga kwa mlio uleule, na bado ikawa imevuka kipimo.

Historia ina ushahidi mchungu. Wanajeshi wa Kanada waliingia Vita ya Kwanza na bunduki ya Ross, ambayo bolti yake, ikifunguliwa kwa usafi na kufungwa kimakosa, iliweza kuingia na kuonekana imeziba ilhali haikujifunga, ikaruka nyuma risasi ilipopigwa. Kwetu, Aprili 1915, meli ya Wajerumani iliyoleta silaha ilipigwa na Waingereza katika ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, na shehena ikaloa. Risasi ziliopolewa, zikafunguliwa, zikakaushwa na kufungwa upya. Hata hivyo hazikuaminiwa kwa kung'aa kwake: zilijaribiwa kwanza, kwa maana nyingi ziligoma. Jeshi lililobanwa na uhaba lilijua kwamba kufunga ni jambo moja na kuthibitisha ni jambo jingine.

Wapo watakaosema kwamba askari alifunga bunduki yake gizani bila fundi. Kweli, lakini alitoa vipande vichache tu, vya bunduki moja iliyo yake. Vingine vilikuwa kazi ya fundi silaha wa kikosi mwenye vipimo. Mwingine atasema spea ni spea, mbona gereji za Ubungo hukopeshana vipuri kila siku na magari yanatembea? Muulize fundi mzuri wa injini kama huchanganya kofia za konrodi. Atakwambia kila moja hurudi ilikotoka, na upande uleule. Wa tatu atasema yake ni kumbukumbu tu, haitapigwa kamwe. Basi namba zinazolingana ndizo kumbukumbu yenyewe, na hakuna anayeweza kuahidi kwa niaba ya mikono itakayoishika baada yake.

Kwa hiyo utaratibu uwe huu: hakikisha kwanza haina risasi, fungua bunduki moja tu mezani, linganisha namba kabla ya kurudisha kipande, na kilichozidi hapo kiende kwa fundi mwenye kibali. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015 inataka silaha imilikiwe kwa leseni, na asiye na leseni mahali pake pa kwanza ni kituo cha polisi, kabla hata ya kitambaa na mafuta. Bunduki ya sanamu imefungwa mara moja tu. Ya chuma na mbao hufungwa upya kila inaposafishwa, na kila mara inadai kuthibitishwa upya.