Maadili ya kazi katika bima Zanzibar

'''Maadili ya kazi katika bima''' ni kanuni za ukweli, haki na utunzaji wa siri zinazowaongoza wafanyakazi wa kampuni za bima, mawakala na madalali. Maadili hayo huathiri pia moyo wa wafanyakazi wenyewe wa kubaki na kujituma.

Zanzibar ina Shirika la Bima la Zanzibar, lililoanzishwa mwaka 1969 na kumilikiwa na Serikali ya Mapinduzi. Msimamizi wa soko ni Mamlaka ya Usimamizi wa Bima Tanzania, chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009.

== Kwa nini bima ==

Mteja wa bima hununua ahadi. Hulipa leo, na ubora wa alichonunua huonekana siku ya hasara tu. Mwenye hoteli ya makuti huko Nungwi anatakiwa kueleza kwa ukweli hali ya paa na nyaya za umeme, naye afisa anatakiwa kumweleza yale ambayo mkataba haulipii. Hapo ndipo penye kishawishi, kwa sababu wakala hulipwa kamisheni kwa kuuza, si kwa kueleza.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 wageni wa kigeni wanaoingia Zanzibar hutakiwa kuwa na bima ya safari ya dola 44 kutoka shirika hilo. Mteja wa namna hii huenda asirudi tena, hivyo hawezi kuliadhibu shirika kwa kuhamia kwingine.

== Uhusiano na moyo wa kazi ==

John Meyer na Natalie Allen walieleza mwaka 1991 kwamba mfanyakazi hufungamana na taasisi kwa njia tatu: kwa kuipenda, kwa kuhofia hasara ya kuondoka, na kwa kuona kwamba ana wajibu nayo. Maadili hugusa zaidi ya kwanza na ya tatu. Afisa madai anayeamriwa kuchelewesha fidia halali bila sababu hupoteza mapenzi na kazi yake, lakini anaweza kubaki kwa ajili ya pensheni. Ukihesabu mahudhurio tu, utamwona mfanyakazi mwaminifu.

Unguja ni kisiwa cha takriban kilomita za mraba 1,600. Aliyenyimwa fidia hukutana na afisa wake sokoni Darajani au msikitini, na lawama humfikia yeye kabla ya kumfikia mkurugenzi. Kwa hiyo mfanyakazi huona haki ya ofisi kuwa sehemu ya heshima yake mwenyewe.

Mwenendo wa wakubwa una uzito kuliko kitabu cha kanuni. Ajira ikitolewa kwa kujuana, au anayeripoti udanganyifu akahamishwa, wenzake hujifunza kunyamaza. Wenye ujuzi, kama wakadiriaji wa hasara, ndio huondoka mapema, kwa kuwa kampuni nyingine zinawahitaji.